Namna ya kupanga na kuweka akiba kwa safari ndefu ya kuzunguka dunia

Wanaotaka kufunga safari ya miezi mingi au mwaka mzima huniuliza kwanza: nahitaji pesa ngapi? Nami huwauliza: unataka kwenda kwa mwendo gani? Wengi hudhani kinachomaliza pesa ni nchi unayokwenda. Kuna ukweli hapo, lakini kinachomaliza zaidi ni kuhamahama. Kila unapohama unalipa nauli ya kwenda kituoni, tiketi yenyewe, chakula cha njiani ambacho daima ni ghali, laini mpya ya simu ukivuka mpaka, na usiku wa kwanza katika chumba ulichokishika kwa haraka kwa sababu umefika umechoka. Anayekaa mahali pamoja mwezi mzima hulipa hayo mara moja. Anayepita miji minane katika mwezi huohuo hulipa mara nane.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana namba za hatua moja ndizo zinazoingia katika hatua inayofuata.

Hatua ya 1: Amua mwendo kabla ya kufungua ramani

Andika muda ulio nao, halafu andika ni sehemu ngapi ungependa kulala humo. Gawanya. Ikiwa wastani unatoka chini ya siku tano kwa kila kituo, punguza vituo. Wenye nyumba za kupangisha wageni wengi hupunguza bei kwa anayekaa wiki nzima, na hupunguza zaidi kwa anayekaa mwezi. Ukiwa na jiko unapika, na ukikaa muda wa kutosha unajua wenyeji wananunua wapi vitu vyao. Kwa safari ya mwaka, mimi hushauri angalau wiki mbili kwa kituo, na mwezi mmoja kila panapowezekana.

Hatua ya 2: Tafuta gharama yako ya siku moja

Hii ndiyo hatua yenye kazi kubwa, na wengi huiruka. Chukua karatasi au programu ya majedwali ugawe matumizi katika mafungu matatu: ya kila siku (malazi, chakula, usafiri wa mjini, viingilio), ya kuvuka (nauli kubwa na viza), na ya kabla ya kuondoka (bima, chanjo, pasipoti, vifaa).

Kwa fungu la kwanza, usitegemee makala za jumla za mtandaoni. Fungua tovuti za malazi, weka tarehe halisi za mwezi utakaokuwa huko, uandike bei ya katikati badala ya ile ya chini kabisa. Fanya hivyo kwa kila eneo. Kisha panga maeneo katika makundi matatu: nafuu, wastani na ghali.

Tuchukue namba za mfano, kwa sarafu yoyote unayotumia. Siku 200 katika maeneo ya nafuu kwa 30 kwa siku ni 6,000. Siku 65 za wastani kwa 45 ni 2,925. Siku 100 katika maeneo ghali kwa 70 ni 7,000. Jumla ni 15,925. Ongeza 3,000 za kuvuka na 2,000 za kabla ya kuondoka, unapata 20,925. Weka juu yake asilimia 15 kwa yale usiyoyaona leo, unafika karibu 24,000.

Hebu tazama namba hizo vizuri. Siku 100 za ghali zimekula zaidi ya siku 200 za nafuu. Ukihamisha siku 50 tu kutoka kundi la ghali kwenda la nafuu, umeokoa 2,000 bila kufupisha safari hata kwa siku moja. Uokoaji mkubwa hufanyika hapa, kwenye karatasi, kabla hujaanza kujinyima chochote.

Angalia pia sehemu zenye ada maalumu. Bhutan hutoza wageni wengi wazima dola 100 za Marekani kwa kila usiku, mbali na malazi na chakula. Visiwa vya Galápagos vilipandisha ada ya kuingia hadi dola 200 kwa wageni wengi wa kigeni kuanzia Agosti 2024. Sisemi usiende. Ikiwa ndiyo ndoto yako, nenda, ila iwe na mstari wake kwenye bajeti, isije ikameza siku zako za nchi nyingine.

Hatua ya 3: Tenga mifuko mitatu

Mfuko wa kwanza ni wa safari yenyewe, ile 24,000 ya mfano wetu. Wa pili ni wa dharura: nauli ya kurudi nyumbani iliyonunuliwa siku hiyohiyo kwa bei yoyote, pamoja na pesa ya kujikimu wiki chache ukiwa mgonjwa au umeibiwa. Wa tatu ni wa marejeo, yaani matumizi ya miezi mitatu baada ya kurudi, wakati unatafuta kazi na pa kuishi.

Mfuko huu wa tatu ndio ninaousisitiza kuliko yote. Msafiri asiye nao hurudi na kukubali kazi yoyote kwa mshahara wowote, au huingia kwenye madeni ndani ya mwezi wa kwanza. Weka mifuko hii katika akaunti tofauti, na akaunti ya marejeo isiunganishwe na kadi utakayobeba.

Kama una mkopo wa riba kubwa, ulipe kwanza. Hakuna akaunti ya akiba ya kawaida inayokupa faida inayoshinda riba ya deni la kadi, na deni halisimami kwa sababu mwenyewe uko ng'ambo.

Hatua ya 4: Weka akiba kwa tarehe

Jumlisha mifuko yote mitatu, gawanya kwa idadi ya miezi iliyobaki. Tuseme jumla ni 30,000 na una miaka miwili: ni 1,250 kila mwezi. Ukiweza 750 tu, una njia tatu za kweli: subiri miezi 40, fupisha safari, au badilisha maeneo. Chagua moja uiandike. Wanaokataa kuchagua ndio wanaoondoka na pungufu.

Iagize benki ihamishe kiasi hicho siku ya mshahara, kabla hujaanza kutumia. Ukisubiri kitakachobaki mwisho wa mwezi, hakibaki. Katika kubana matumizi, anza na kodi ya nyumba na gharama za usafiri, kwa kuwa hapo ndipo sehemu kubwa ya kipato cha watu wengi huenda. Kuhamia chumba kidogo zaidi au kupanga pamoja na mtu kunaweza kukupa kwa uamuzi mmoja kile ambacho miezi ya kujinyima chai haitakupa.

Kuna mambo mawili yanayosahaulika. La kwanza ni sarafu. Kama sarafu yako hushuka thamani mara kwa mara, akiba ya miaka miwili inaweza kukua kwenye taarifa ya benki huku ikipungua huko uendako. Pale sheria na benki zinaporuhusu, weka sehemu yake katika sarafu utakayoitumia. La pili ni mtiririko. Balozi nyingi huomba taarifa za benki za miezi kadhaa, na fedha nyingi zilizoingia ghafla wiki moja kabla ya maombi ya viza huzua maswali. Akiba inayoingia kila mwezi kwa kiwango kilekile hujieleza yenyewe. Usiiweke kwenye hisa au biashara ya kubahatisha ikiwa umebakiza mwaka mmoja au chini ya hapo, kwani soko likishuka hutakuwa na muda wa kulisubiri lipande.

Hatua ya 5: Panga njia kwa misimu na viza

Bei hufuata majira. Malazi yaleyale hupanda sana msimu wa watalii na kushuka ukiisha. Lenga wiki za katikati, kabla kilele hakijaanza au mara tu baada yake. Msimu wenyewe wa mvua uangalie kwa makini: masika makubwa ya Asia Kusini ni Juni hadi Septemba, na msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Bei ya chini haina maana kama barabara zimefungwa.

Kisha viza. Kanuni inayowanasa wengi ni ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao: siku 90 ndani ya siku 180 zozote, kwa nchi zote 29 kwa pamoja. Ukimaliza siku 60 Ufaransa, umebakiwa na 30 kwa Italia, Hispania na nyingine zote. Wanaotaka kukaa Ulaya muda mrefu huenda kungojea nje ya eneo hilo, kwa mfano Albania au Serbia, kulingana na pasipoti zao. Anayeomba viza ya Schengen lazima pia awe na bima ya afya ya safari isiyopungua yuro 30,000.

Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele na kurasa tupu. Kama yako inakaribia kuisha, ibadilishe kabla ya kuomba viza yoyote.

Hatua ya 6: Nunua nauli kubwa kwa tahadhari

Kuna tiketi za kuzunguka dunia zinazouzwa na miungano ya mashirika ya ndege. Ya oneworld, kwa mfano, hupangiwa bei kwa idadi ya mabara, huruhusu hadi vipande 16 vya safari na humalizwa ndani ya mwaka mmoja. Inamfaa mwenye tarehe anazozijua na mabara mengi. Anayekwenda polepole kwa basi na treni hunufaika zaidi na tiketi za njia moja anazonunua moja moja.

Tiketi ya njia moja ina mtego wake. Ukifika kaunta ya uwanja wa ndege, mfanyakazi huingiza uraia wako na nchi uendako kwenye Timatic, mfumo wa masharti ya kuingia nchi mbalimbali unaoendeshwa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Mfumo ukisema nchi hiyo inadai uthibitisho wa kuondoka, utaulizwa tiketi ya kutoka, na usipoionyesha unaweza kuachwa pale pale. Shirika halikuonei: likimbeba abiria akakataliwa kuingia, linalazimika kumrudisha, na mara nyingi hutozwa faini. Weka kwenye bajeti tiketi ya basi ya kuvuka mpaka au ya ndege inayorudishiwa fedha.

Hatua ya 7: Bima na chanjo

Soma masharti yote ya bima, hasa yasiyolipwa. Bima nyingi za mwaka zinazouzwa kwa wasafiri wa kawaida huweka kikomo cha siku kwa kila safari, pengine 30 au 60. Siku ya kikomo ikipita, huna bima, hata kama umelipia mwaka. Tafuta ile iliyoandikwa kwa safari ndefu, inayolipia kusafirishwa kwa matibabu na kurudishwa nyumbani.

Pikipiki ni eneo la hatari. Bima nyingi hazilipi ajali ya dereva asiye na leseni inayotambuliwa pale alipo. Vibali vya kimataifa vya udereva navyo havifanani: kuna vya mkataba wa Geneva wa 1949 na vya mkataba wa Vienna wa 1968, na Vietnam inatambua vya 1968. Mtu anaweza kuwa na kibali mkononi na bado akaonekana hana.

Chanjo zianze mapema. Dozi za kawaida za homa ya ini aina ya B huchukua miezi sita kukamilika. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 11, 2016 ni cha maisha.

Hatua ya 8: Kadi na fedha taslimu

Beba kadi mbili za akaunti tofauti, kila moja mahali pake. Ukitoa fedha ugenini, mashine ya ATM inaweza kukuuliza kama unataka ukatwe kwa sarafu ya nyumbani. Kiasi huonekana kwa sarafu unayoifahamu, na kitufe cha kukubali huwa kimewekwa wazi kabisa. Kikatae. Ukikubali, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na huwa kibaya kuliko cha benki yako. Chagua sarafu ya pale ulipo, kwenye mashine na dukani pia. Na kwa kuwa ada nyingi hutozwa kwa kila muamala, toa kiasi kikubwa mara chache.

Noti za dola ziwe mpya na safi. Katika nchi kadhaa, noti iliyochanika, yenye maandishi au ya toleo la zamani hukataliwa au hubadilishwa kwa bei ya chini.

Hatua ya 9: Ukiwa njiani

Andika kila matumizi siku hiyohiyo, na mara moja kwa wiki gawanya jumla kwa siku saba. Linganisha na gharama yako ya siku. Ukizidisha, usijinyime chakula: kaa mahali ulipo wiki moja zaidi. Wastani utashuka wenyewe, kwa sababu wiki isiyo na nauli ni wiki nafuu.

Unaweza pia kubadilishana kazi na malazi. Mtandao wa WWOOF, ulioanzia Uingereza mwaka 1971, huunganisha wageni na mashamba ya kilimo hai: unafanya kazi saa kadhaa kwa siku, unapewa chakula na pa kulala. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hapa jembe lenyewe ndilo mkataba. Ila uliza kwanza masharti ya viza yako, kwani baadhi ya nchi huhesabu hiyo kuwa ni kazi hata bila mshahara.

Mwisho, weka mstari wa kurudi kabla hujaondoka. Mfuko wa safari ukibakiwa na nauli ya kurudi na matumizi ya siku 30, nunua tiketi wiki hiyohiyo, wakati bado una nafasi ya kuchagua tarehe yenye bei nzuri. Mfuko wa dharura usiuguse kwa hilo, na wa marejeo hata usiufungue mpaka ufike.