Kabla ya kununua gia boksi nyingine, soma kompyuta

Juzi nililetewa gari la CVT (gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua) la mama mmoja wa Kasarani, limebebwa na brekidauni. Lilikuwa likishtuka kila likipita tuta, halafu linakataa kuvuka 40. Alikuwa ameshaambiwa atafute gia boksi. Mimi ni fundi wa umeme wa magari huku Kirinyaga Road, na gia boksi haishuki kabla sijasoma kompyuta yake.

Anza na betri. Ikiwa chini ya volti 12, ichaji, maana umeme mdogo huleta kodi (namba za hitilafu ambazo kompyuta huhifadhi) za uongo. Kisha chomeka mashini ya kusomea kompyuta chini ya dashibodi, uhakikishe inasoma moduli ya gia boksi. Nyingi za bei rahisi husoma injini tu. Andika kodi kabla ya kufuta. Tafadhali.

Sasa mwenzako aendeshe, wewe utazame namba za mzunguko wa puli na za presha kwenye mashini. Ndani hamna gia za hatua, kuna puli mbili na mkanda wa chuma, na kompyuta hubana puli hizo kwa presha ya oili kupitia solenoidi, yaani valvu za umeme. Gari likiondoka, puli ya kwanza, ya upande wa injini, huzunguka zaidi ya mara 2 kila ya pili, ya upande wa magurudumu, ikizunguka mara 1. Ukishatulia kwenye 80 pale Thika Road, ya pili ndiyo inayokimbia zaidi. Mabadiliko hayo yawe laini. Ya kwanza ikiruka juu ghafla bila mguu kuongeza mafuta, shuku mkanda unateleza. Presha iliyoagizwa na kompyuta ikipanda na halisi ibaki chini, angalia oili, chujio, solenoidi, pampu.

Namba ya mzunguko wa puli ikianguka hadi 0 na gari linatembea, je? Puli haiwezi kusimama hivyo. Hapo fuata waya. Kwa yule mama, kila tuta puli ya pili ilisoma 0, na kompyuta ikajilinda kwa kubana nguvu. Plagi ya sensa inayosoma mzunguko wa puli hiyo ilikuwa na kutu ya kijani. Injini huoshwa kwa maji ya presha, yakaingia humo. Nilisafisha, nikabadilisha pini moja.

Oili iwe ile ya mtengenezaji, kama NS-3 kwa Nissan nyingi, si ATF (oili ya gia boksi za otomatiki) ya kawaida.

Na kama gia boksi imekufa kweli, ukapata ya mitumba, jua kwamba kwenye magari mengi data za valvu bodi (sehemu inayogawa presha ya oili) lazima ziandikwe upya kwenye kompyuta, la sivyo litashtuka. Muulize fundi kama mashini yake inaweza, kabla hajashika spana.