Umepewa bustani za mji uziendeshe? Anza na nani hayupo

Watu wengi wakikabidhiwa bustani za mji kitu cha kwanza wanachokimbilia ni mchoro, chemchemi hapa, geti pale, mnara katikati, na mchoro ukishapita kwenye kikao kila mtu anaona kazi imeisha. Mi nakwambia uweke mchoro pembeni wiki mbili. Chukua daftari nenda bustanini ukae.

Ukae kweli, siyo kupita na gari. Nenda asubuhi mapema, nenda saa saba jua likiwa kali, nenda jioni, nenda na jumamosi, na kila ukienda zunguka njia ileile halafu uandike wanaume wangapi wanawake wangapi, watoto, vijana, wazee, wanafanya nini na wamekaa upande gani. Vijistari vya kuhesabia vinatosha. Baada ya hizo wiki mbili utakuwa na kitu ambacho dodoso halikupi, maana dodoso la bustanini linajibiwa na mtu ambaye anakuja tayari, na we unayemtafuta zaidi ni yule ambaye haji kabisa.

Vienna, mji mkuu wa Austria, walifanya utafiti wa namna hii miaka ya 1990 wakaona wasichana wakishavuka miaka 9 hivi wanapotea bustanini, wavulana wanabaki. Hakuna aliyewafukuza. Shida ni kwamba sehemu ya kuchezea ilikuwa moja kubwa ya wazi, na mkigombania nafasi moja wavulana ndo wanaichukua, basi wasichana wakaacha kuja kimyakimya. Mwaka 1999 wakabadilisha bustani mbili, wakaongeza njia za kutembea, wakaweka koti za voliboli na badminton, na ule uwazi mkubwa wakaugawa kwa mimea ukawa vipande vipande, na wasichana wakaanza kuonekana tena bila mvulana yeyote kuambiwa atoke. Naupenda sana mfano huu kwasababu ungeangalia bustani ile kwa haraka ungesema imejaa watu, inafanya kazi vizuri, na kumbe nusu ya watoto hawapo.

Sasa ukishajua nani hayupo mfuate huko aliko, kituo cha basi, shuleni, kliniki, na usimuulize "unataka tukuwekee nini" maana hapo utaambiwa bwawa la kuogelea na hela ya bwawa huna. Muulize kwanini haji. Utasikia hamna choo, ikifika saa kumi na mbili ni giza, mtoto hawezi kuvuka ile barabara peke yake, hakuna kivuli cha kukaa na mgonjwa. Ona yalivyo mambo yenyewe, mengi ni madogo na yanawezekana mwaka huohuo.

Halafu kaa na ramani ya mji mzima. Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya wanapendekeza mtu awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta mpaka hekta moja ndani ya mita 300 hivi kutoka nyumbani, na Marekani miji mingi inatumia kipimo cha dakika 10 za kutembea, yaani kama mita 800. Chagua kimoja ukifuate. Ila usichore duara kuzunguka bustani ukasema wote waliomo ndani wamefikiwa, pima kwa miguu, kwasababu mtu anaweza kuwa mita 200 kutoka kwenye nyasi lakini katikati kuna reli au ukuta na kivuko kiko mbali huko. Palipobaki tupu kwenye ramani tafuta kiwanja kidogo, au ongea na shule wafungue uwanja wao jioni na wikiendi, mkubaliane kwa maandishi nani anafunga geti na nani analipa kikivunjika kitu.

Kwenye mchoro wenyewe sina mengi. Bustani ionekane kutoka barabarani, mtu aone ndani kabla hajaingia na awe na zaidi ya mlango mmoja wa kutokea. Bryant Park pale New York ilikuwa imenyanyuka juu ya barabara na imezibwa na fensi na vichaka, wauza madawa ya kulevya wakaifanya yao. Walipoifungua tena mwaka 1992 walikuwa wameondoa vichaka, wamepanua milango, na wakaweka viti vyepesi ambavyo mtu anavihamisha atakavyo, asogeze kivulini au amkaribie mwenzake, na pakajaa. Njia za kukanyaga zifuate pale watu wanapokatiza tayari, ukiona majani yamekufa mstari mmoja hiyo ndo njia, iwekee zege au kokoto usiweke kibao cha usikanyage. Mteremko wa kiti cha magurudumu usizidi moja kwa kumi na mbili, yaani ukipanda sentimita 10 urefu wake uwe sentimita 120 au zaidi.

Vifaa vya watoto hapo usikubali kubahatisha. Nafasi yoyote kati ya nguzo na nguzo, au ngazi na ngazi, isiwe kati ya sentimita 9 na 23, maana ndo kipimo ambacho mwili wa mtoto unapita na kichwa kinabaki kimekwama. Chini pasiwe na lami wala zege wala udongo ulioshindiliwa. Ukitumia vipande vya mbao mimina kama sentimita 30 ukijua vitashuka, na chini ya bembea na pale wanapotua wakiteleza panachimbika haraka kuliko kwingine, kwahiyo pajazwe mara kwa mara. Na fundi apite na orodha yake kila wiki, aguse kila bolti, aandike tarehe na asaini.

Sasa tuje kwenye hela maana hapa ndo bustani nyingi zinafia. Hela ya kujenga inapatikana kirahisi kidogo, kuna mfadhili, kuna utepe wa kukata, kuna picha. Hela ya kukata majani mwaka wa tano haina picha. Kwahiyo kabla hujasaini ujenzi wowote dai karatasi ya pili inayoonyesha nani atafagia, mara ngapi, maji yatatoka wapi, bili ya taa nani analipa, pampu ikifa spea inatoka kifungu gani. Kama karatasi hiyo haipo punguza mradi mpaka iwepo, hata kama chemchemi itatoka, bora choo kinachofunguliwa kila siku na mtu wa kukisafisha kuliko chemchemi iliyokauka.

Na ugawaji wa kazi una maana kubwa. Central Park, ile bustani kubwa ya New York, miaka ya 1970 ilichakaa vibaya sana jiji lilipoishiwa hela, na moja ya vitu vilivyoirudisha ni kuigawa kanda 49, kila kanda na mtunza bustani wake. Siyo kundi linalozunguka na gari leo huku kesho kule, ni mtu mmoja anayejua mti upi una ugonjwa na bomba lipi linavuja na bibi gani anakaa benchi lipi, na wewe meneja ukikuta uchafu unajua wa kuongea nae. Huyo mtunza bustani mpe sare, vifaa, na mshahara unaofika kwa wakati. Miti mipya aimwagilie miaka miwili mitatu ya mwanzo mpaka mizizi ishike, na matandazo yasigusane na shina maana linaoza.

Ratiba za michezo na mazoezi nazo watu wanazichukulia kama pambo, wakati ndo zinawaleta wale uliokosa kwenye daftari. Usianze na tamasha. Anza na kitu kimoja, siku ileile, saa ileile, wiki nane bila kukosa, mfano mazoezi mepesi ya wazee jumanne asubuhi au netiboli ya wasichana alhamisi jioni. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, wanafunga barabara kwa magari kila jumapili na sikukuu, kitu kilichoanza mwaka 1974, saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, zaidi ya kilomita 120 watu wanaendesha baiskeli na kutembea, na sehemu kubwa ya nguvu yake ni kwamba hakuna haja ya kuuliza kama jumapili hii ipo. Ratiba inayohamahama inaua mahudhurio hata kama mwalimu ni mzuri.

Kiwanja kimoja kikigombaniwa, andika masaa kwenye ubao getini, timu kubwa zilizozoea zisichukue jioni zote, tenga jioni za wasichana na za watoto wadogo na msimamie kweli, wiki za mwanzo kuwe na mtu wenu pale maana mpango huo utajaribiwa. Ada ukiweka, weka na njia ya kusamehewa isiyomlazimisha mzazi kujieleza mbele za watu. Wanaofundisha watoto wachunguzwe kabla hawajaanza, wawe wawili kila kipindi, mtu mzima mmoja asibaki peke yake na mtoto, na awepo anayejua huduma ya kwanza. Mvua ikinyesha muwe mshakubaliana mnahamia wapi au ujumbe unatumwa saa ngapi na nani.

Rejista ya kila kipindi iwe na jina, umri na mtaa anaotoka, basi, usimchoshe mtu na fomu. Hiyo mitaa ukiiweka kwenye ile ramani kila miezi mitatu utaona upande gani haujaleta mtu hata mmoja, na mwaka ukiisha rudi na daftari lako, masaa yaleyale, njia ileile, uhesabu tena.