Kupima thoriamu kwenye soksi ya karabai

Ile soksi nyeupe ya karabai ya wavuvi wa dagaa Mkokotoni au Wete, ikiwa ya zamani, huenda ina oksidi ya thoriamu. Ndiyo madini yanayotoa mionzi ambayo serikali ya Marekani iliyajaribu kama nishati: thoriamu-232 ikimeza nyutroni, mwishowe hugeuka urani-233. Kinu cha nyuklia cha Shippingport, Marekani, kiliendeshwa nayo 1977 hadi 1982.

Tafuta soksi mpya isiyochomwa. Iliyokwisha kuwaka usiiguse: huvunjika ikawa vumbi, na vumbi la thoriamu likiingia pafuni ndipo penye hatari. Itie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge kabisa.

Washa kipima mionzi cha Geiger, hesabu milio kwa dakika 10 bila soksi. Ikiwa 200, kosa lake ni kipeuo cha pili cha 200, yaani kama 14; basi 210 si ushahidi wa kitu. Sasa weka soksi sentimita 1 mbele ya tyubu ya kipima, dakika 10 tena. Kisha chomeka bati la alumini la milimita 3 katikati: hesabu itashuka sana, maana beta (mionzi ya chembe ndogo) imezuiwa, inabaki gama (miale inayopenya zaidi).

Hakuna tofauti? Soksi nyingi za siku hizi zina itriamu, hazitoi kitu. Hesabu ikiruka ovyo, shuku unyevu: tyubu nyingi hutumia takriban volti 400, na chumvi ya pwani huvujisha umeme. Futa viungio kwa spiriti, kausha, rudia.