Kupasua Upya Kisima cha Mlalo Chenye Kesingi au Saruji Mbovu

Kisima cha mafuta cha mlalo (kinachopinda kikaenda kimelala ndani ya mwamba) kikitoa kidogo baada ya kupasuliwa kwa presha ya maji, wengi hulaumu mwamba. Mimi huanza na bomba la chuma linalokinga kisima, yaani kesingi. Nawaandikia wahandisi chipukizi hapa Nairobi ambao hutumiwa data ya visima vya mbali na kuombwa mpango wa kupasua upya. Msidhani ni dawa ya kila kisima: mafuta ya Lokichar, yaliyogunduliwa Ngamia-1 mwaka 2012, yana nta na huganda yakipoa, na nta haiondoki kwa kupasua mwamba.

Hatua ya 1: Kagua saruji. Omba vipimo vya saruji nyuma ya kesingi na grafu za presha za kila awamu (kipande cha mlalo kilichopasuliwa kwa mkupuo mmoja). Kwenye mlalo, kesingi huelemea chini, kwa hivyo saruji ya upande huo huwa nyembamba na tope la kuchimbia hubaki hapo. Maji hupenya nyuma ya bomba hadi awamu jirani. Awamu iliyopokea maji kwa presha ya chini, bila dalili ya mwamba kupasuka, itilie shaka.

Hatua ya 2: Pitisha geji (kifaa cha kupima upana wa ndani). Kesingi ikiwa imebonyea, plagi (kizibo cha kutenga awamu) haitapita. Bora ujue mapema.

Hatua ya 3: Shusha kasi kwa ngazi. Pampu kwa kasi kamili, kisha ipunguze mara nne au tano, ukisubiri presha itulie kila mara. Msuguano wa matundu (yaliyotobolewa kwenye kesingi ili maji yafike mwambani) hufuata mraba wa kasi. Ule wa njia zilizopinda karibu na kisima hufuata takriban kipeuo cha pili cha kasi. Presha ikishuka sana kwenye ngazi za kwanza, matundu ni machache au yameziba: yasafishe kwa asidi au toboa mengine. Ikishuka zaidi kwenye ngazi za mwisho, njia zimepinda: tuma mchanga mwembamba kidogo kidogo uzilainishe. Wanaoruka jaribio hili hulipia matundu mapya ambayo hayakuhitajika.

Hatua ya 4: Hesabu matundu. Katika ploti yenye maji ya mgao, wa chini wakifungua mifereji yote, ghorofa ya nne hakufiki kitu. Matundu yakiwa mengi, mawili matatu yaliyo rahisi hunywa maji yote. Msuguano kwa psi (ratili kwa inchi ya mraba) ni:

0.2369 × Q² × ρ ÷ (n² × d⁴ × C²)

Q ni mapipa kwa dakika, ρ ni ratili kwa galoni ya Marekani, n ni idadi ya matundu, d ni kipenyo kwa inchi, C ni mgawo wa mtiririko. Chukua mapipa 80, maji ya 8.4, tundu la inchi 0.4 na C ya 0.8. Matundu 60 yanatoa kama psi 216. Matundu 30, psi 864. Idadi ikipungua nusu, msuguano huongezeka mara nne, na maji hulazimika kugawanyika. Kumbuka mchanga hupanua matundu kazi ikiendelea, na d ikikua kidogo tu, faida hiyo huyeyuka.

Hatua ya 5: Tenga mipasuko ya zamani. Mwamba uliokwisha kutolewa mafuta una presha ndogo, kwa hivyo maji hukimbilia huko kwanza. Punje za kuziba zinazoyeyuka ni nafuu, lakini huwezi kuchagua zitakaa wapi. Bomba jembamba lililotiwa saruji ndani ya kesingi ni ghali na hupunguza kasi ya kupampu. Saruji ikiwa mbovu sehemu kubwa ya mlalo, mimi nalipia bomba.

Hatua ya 6: Pampu. Kikomo cha presha kiwe cha kesingi ilivyo leo, na kutu yake, si cha katalogi. Anza na maji bila mchanga, kisha ongeza taratibu mchanga, unaozuia mipasuko isijifunge. Presha ikianza kupanda kwa kasi, kata mchanga na usukume uliomo bombani kabla haujaziba. Mchanga ukikwama kwenye mlalo, utahitaji bomba la kuviringishwa (jembamba, linaloteremshwa kutoka kwenye gurudumu) kuuosha.

Ukifungua kisima, anza na choki (vali ya kubana mtiririko) ndogo. Ikaze mchanga ukirudi, na uilegeze pale tu maji yanapokuja safi.