Ukifuata mzigo China, pitia na Pingyao: namna ya kuuzunguka huo mji

Watu wetu wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, wakienda China ni Guangzhou, stoo, kontena, halafu ndege ya kurudi Entebbe, basi. Mi nasema safari ijayo bana siku mbili uone Pingyao, mkoa wa Shanxi, maana ule ni mji wa wafanyabiashara wenzenu.

Toka Beijing panda treni ya kasi, masaa manne hivi, ushuke Pingyao Gucheng. Paspoti iwe mkononi. Kutembea mitaani hulipi, ila kupanda ukutani na kuingia majumba ya zamani unakata tiketi.

Anza na ukuta. Ni wa 1370, enzi za wafalme wa ukoo wa Ming, mzunguko kama kilomita 6, kwenda juu mita 12. Wenyewe wanauita mji wa kobe: geti la kusini kichwa, la kaskazini mkia, manne ya ubavuni ndo miguu. Ukipita getini inama uangalie mawe ya chini, magurudumu ya mikokoteni yameyachimba mifereji.

Halafu nenda mtaa wa magharibi, Rishengchang, na hapo usikimbie. Lilikuwa duka la rangi za nguo, 1823 wakaligeuza nyumba ya kutuma pesa, yaani unaacha vipande vyako vya fedha Pingyao unapewa hati, Beijing wanakulipa, hakuna kubeba masanduku njia ya majambazi. Mobile money kabisa, ila pini yao ilikuwa shairi! Kwenye hati kila mwezi ulifichwa kwa herufi moja ya Kichina, na zile 12 ukizisoma pamoja zinamwonya karani ajihadhari na hati feki, aangalie vizuri maandishi na mhuri. Nani angeotea hiyo?

Yamen, ofisi ya hakimu, na hekalu la mungu wa mji vimekaa pande mbili za mtaa wa kusini, mmoja anahukumu walio hai mwingine wafu. Pale Yamen huwa wanaigiza kesi, lugha hutaielewa lakini mshitakiwa akipiga magoti utaelewa tu.

Ukitaka mila zenyewe nenda mwaka mpya wao, kuna ngoma, simba wa kuchezeshwa, watu wanaotembea kwa miguu mirefu ya miti, madirishani karatasi nyekundu zilizokatwa maua. Ila baridi hiyo jamani, si ya Kabale kwetu milimani! Tafuta gesti yenye kang, kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, na jioni agiza nyama ya ng'ombe ya Pingyao, wanaikolezaga chumvi.