Gharama halisi kwanza, orodha ya vyuo baadaye
Ukiwa na bajeti finyu na unaomba vyuo vya Marekani, usikitupe chuo kwa sababu ya ada iliyotangazwa tu, kwa kuwa kinachokuhusu hasa ni kiasi kitakachobaki baada ya kuondoa ruzuku na ufadhili usiorudishwa. Tangu 2011, vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu za kusaidia wanafunzi hutakiwa kuweka kikokotoo cha gharama hiyo kwenye tovuti zao; ingiza kipato cha familia, kisha uangalie kama mkopo umejumuishwa kwenye msaada, maana mkopo huahirisha gharama tu. Chuo kisicholipika kwa hesabu hiyo kiondoe mapema, hata kama unakipenda mno. Ada ya maombi nayo, vyuo vingi huisamehe kwa wenye uhitaji.