Misa ya shule: namna ya kuiandaa pamoja na watoto wa shule ya msingi

Misa ya shule nzima ikipangwa asubuhi ileile, kazi zote huishia mikononi mwa walimu wawili na kwaya, na watoto wengine wote hukaa kutazama. Mwongozo wa Vatikano kuhusu Misa na watoto, uliotolewa Novemba 1, 1973, unataka kinyume chake: watoto wengi iwezekanavyo wawe na sehemu yao, kuanzia kuandaa mahali na altare, kuimba na kusoma, hadi kutaja nia za maombi na kuleta vipaji, yaani matoleo yanayopelekwa altareni. Ili hilo liwezekane unahitaji wiki mbili. Na katika wiki hizo mbili, darasani na kwenye mazoezi, ndipo mtoto anapojifunza kusali na kumvumilia mwenzake. Kwa hiyo usiyaone maandalizi kama usumbufu wa kupita haraka ili mfike kanisani.

Siku, muda na mzigo wa kazi

Kwa shule nyingi, Misa moja kwa mwezi iliyoandaliwa vizuri inatosha. Mwongozo huohuo unasema Misa za siku za juma pamoja na watoto huzaa matunda zaidi, na hazichoshi, zisipofanyika kila siku. Unataja hata shule za bweni. Panga kalenda ya mwaka mzima mapema pamoja na paroko, yaani padre anayesimamia parokia: ufunguzi wa muhula, Jumatano ya Majivu, sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa shule, Misa ya kuwaombea marehemu mwezi Novemba. Miezi inayobaki ijazeni na siku za kawaida, maana watoto wanaosali sikukuu tu huzoea kuiona imani kama sherehe.

Lengo liwe dakika 40 hadi 45. Kinachorefusha Misa ya shule mara nyingi ni mambo matatu: nyimbo zenye beti nyingi, matangazo, na foleni ya Komunyo. Foleni unaweza kuikadiria. Kila anayekomunika huchukua sekunde tano hivi, kwa hiyo watoto 150 wakigawiwa na watu wawili humaliza katika dakika sita au saba. Mgawaji akiwa mmoja, muda unazidi maradufu na kelele huanzia viti vya nyuma. Muulize paroko mapema kama kuna mhudumu wa pili.

Kila mwezi darasa moja lishike usimamizi. Wengine watashiriki, lakini darasa hilo ndilo linalojibu: nani anasoma, nani anapamba, nani anapokea watu mlangoni. Zamu zikizunguka, mtoto mwenye haya naye hufikiwa. Zisipozunguka, kila mwezi utawaona watoto walewale sita wenye sauti nzuri.

Kukutana na padre

Siku kumi kabla, mpelekee padre ukurasa mmoja: masomo ya siku hiyo, umri wa watoto, darasa linalosimamia, jambo lililotokea shuleni ambalo watoto wanalibeba moyoni (msiba wa mwenzao, mitihani, ugomvi), na idadi ya wanaokomunika. Mwombe mahubiri ya dakika tano hadi saba. Na watoto, mahubiri yanaruhusiwa kuwa mazungumzo. Msaidie kwa kupendekeza maswali mawili yanayomfanya mtoto afikiri, kwa mfano, "Kwa nini yule Msamaria hakuogopa kuchelewa?" Swali la kujibiwa "ndiyo" kwa pamoja hutoa sauti kubwa bila kufundisha kitu. Kama padre anaona ugumu kuzungumza na watoto wadogo, mtu mzima mwingine anaweza kusema baada ya Injili kwa idhini ya paroko.

Mkubaliane pia kuhusu Sala ya Ekaristi, ile sala kuu ambayo padre huisali juu ya mkate na divai. Zipo tatu zilizotungwa kwa ajili ya Misa na watoto, zina mashangilio mengi zaidi ya watoto, nazo zinahitaji mazoezi. Watoto wasipojua pa kuitikia, padre hubaki akingoja na kila mtu anaona aibu.

Masomo na wasomaji

Masomo yakiwa magumu mno kwa watoto, idadi yake inaweza kupunguzwa hadi mawili au hata moja, lakini Injili haiachwi kamwe. Maandiko hayabadilishwi kuwa hadithi ya kujitungia. Tumia tafsiri iliyoidhinishwa. Somo lenye mazungumzo, kama mateso ya Bwana katika Juma Kuu, linaweza kugawanywa kwa sauti kadhaa.

Chagua msomaji kwa uwazi wa sauti, si kwa alama za darasani. Mpe somo wiki moja kabla, limechapwa kwa herufi kubwa, na mkae naye hatua kwa hatua:

1. Alisimulie somo kwa maneno yake. Asipoweza, hajalielewa, na asichokielewa atakisoma kama orodha ya maneno.
2. Wekeni mkwaju (/) wa penseli kila mahali pa kupumua, na mviringo kwenye majina magumu.
3. Asome mara tatu mbele yako, kisha mara mbili kanisani kwenyewe, mbele ya kipaza sauti kilichowashwa. Wewe kaa kiti cha mwisho.
4. Afanye mazoezi ya kufika: kuinamia altare, kupanda, kushika mimbari kwa mikono miwili, kuwatazama watu, kuvuta pumzi, ndipo aanze.

Makosa yanayorudi ni yaleyale. Mtoto husema "Somo la kwanza" kwa sauti, kumbe hicho ni kichwa cha kumwelekeza tu, anapaswa kuanza moja kwa moja, "Somo katika kitabu cha nabii Isaya." Hurukia "Neno la Bwana" kama sehemu ya sentensi ya mwisho, mfundishe ahesabu mbili kimoyomoyo kwanza. Kipaza sauti huachwa kwenye urefu wa mtu mzima, na mtoto mfupi akatoweka nyuma ya mimbari: weka kijukwaa imara, na mmoja wa watumikiaji wa altare apewe kazi ya kurekebisha kipaza sauti. Siku ya Misa asome kutoka Kitabu cha Masomo, si karatasi iliyokunjwa mfukoni, kwa hiyo mazoezi ya mwisho yafanyike na kitabu chenyewe. Awepo msomaji wa akiba, maana homa haina ratiba.

Maombi ya waamini

Hapa ndipo darasa zima linaweza kufanya kazi pamoja. Wape watoto dakika 20 waandike kila mmoja jambo analotaka kumwomba Mungu. Mwalimu akusanye na kusoma yote peke yake kabla ya mtu mwingine kuyaona. Watoto huandika ukweli: baba anayepiga, njaa ya nyumbani, mtu anayewagusa vibaya. Maombi ya namna hiyo hayasomwi hadharani, wala hayarudishwi droo. Siku hiyohiyo fuata utaratibu wa shule wa ulinzi wa mtoto.

Kutokana na yaliyobaki, tengenezeni maombi manne au matano kwa mpangilio wa Kanisa: Kanisa, viongozi na dunia, wenye shida, kisha jumuiya yenu wenyewe. Kila ombi liwe sentensi moja isiyozidi maneno 20. Kata mahubiri yaliyojificha ndani ya ombi ("tuwaombee wanafunzi wavivu waache uvivu"): huko ni kumsema mwenzako mbele ya altare. Kiitikio kiwe kimoja, kilichozoeleka.

Nyimbo, maua na vipaji

Nyimbo tano zinatosha: mwanzo, shangilio la kabla ya Injili, vipaji, Komunyo, mwisho. Kwaya ikijifunza wimbo mpya kila mwezi, shule haitaimba kamwe, itasikiliza. Ongeza wimbo mmoja mpya kwa muhula na uimbwe kwanza kwenye gwaride la asubuhi. Kuna kosa linalojirudia kila Kwaresima: Aleluya. Haiimbwi mpaka Pasaka. Tayarisha shangilio jingine. Wimbo wa Utukufu nao huachwa siku za kawaida za juma, na katika Majilio (kipindi cha kujiandaa kwa Krismasi) na Kwaresima, isipokuwa siku ya sherehe au sikukuu.

Maua huwekwa kando ya altare badala ya juu yake, na katika Kwaresima hayawekwi, isipokuwa Jumapili ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Michoro ya watoto inapendeza sana ikiwa inahusu Injili ya siku hiyo. Ibandike mahali inapoonekana, mbali na mishumaa.

Kuhusu vipaji tuna msimamo. Mkate, divai, na vitu vinavyotolewa kweli kwa maskini au kwa Kanisa: daftari, sabuni, unga, fedha. Mpira wa shule unaopelekwa altareni na kurudishwa uwanjani mchana unamfundisha mtoto kwamba kutoa ni maigizo. Mkitaka kuonyesha alama za maisha ya shule, ziingie na maandamano ya mwanzo na kuwekwa pembeni.

Kuketi

Wengi huwaweka wadogo wote mbele. Matokeo yake hawana wa kumwiga: hawajui lini kusimama, lini kupiga magoti. Njia bora ni kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza mwenza kutoka darasa la juu, waketi pamoja Misa zote za mwaka. Mkubwa anamwonyesha ukurasa, anamsindikiza msalani, na wiki inayofuata anamtetea kwenye foleni ya chakula bila kuambiwa na mtu. Usiwapangie wenza siku ya Misa. Wakutane wiki moja kabla, darasani, kwa nusu saa, wachore au wasome pamoja. Mwalimu akae mwishoni mwa kila safu mbili, asali na kuimba. Mwalimu anayesahihisha madaftari wakati wa Misa amekwisha kufundisha somo lake.

Komunyo, na wale wasiokomunika

Saa moja kabla ya kupokea Komunyo hakuliwi wala kunywewa kitu, ila maji na dawa. Misa ikianza saa 3:00 asubuhi, Komunyo itakuwa karibu saa 3:35, basi kifungua kinywa kiishe saa 2:30. Watangazie wazazi siku moja kabla. Mtoto mgonjwa hafungwi na sharti hilo, asinyimwe chakula.

Kukiwa na mtoto asiyeweza kula ngano, padre aandikiwe mapema. Hostia (mikate ya Komunyo) zisizo na gluteni, ile protini ya ngano, kabisa haziruhusiwi. Zenye gluteni kidogo sana zinaruhusiwa, na anaweza pia kupokea Damu ya Kristo peke yake, yaani divai iliyowekwa wakfu. Hostia yake iwekwe kwenye chombo chake chenye mfuniko, na mgawaji asiishike kwa vidole vilivyogusa nyingine.

Kisha wapo wadogo ambao bado, na watoto wasio Wakatoliki. Kanisa halimlazimishi mtu imani, na shule isifanye hivyo kwa kona. Kama paroko anakubali, wapite na mikono imekunjwa kifuani kupata baraka; asiyetaka akae kitini bila kuulizwa. Masomo ya Misa huachiwa Wakatoliki, lakini mapokezi mlangoni, michoro, mapambo na kukusanya michango ni kazi za wote. Wape kazi hizo kwa majina, zimeandikwa kwenye ratiba, wasibaki wageni katika shule yao.

Wiki ya Misa ni nafasi nzuri ya Kitubio (kuungama dhambi kwa padre) kwa waliokwisha kuandaliwa. Padre aketi mahali anapoonekana na wote lakini hasikiki, kwa mfano pembeni mwa kanisa milango ikiwa wazi. Usimpange mtoto kwenye foleni kwa lazima.

Siku zilizo katikati

Sala ya darasa kila asubuhi haihitaji zaidi ya dakika nne: ishara ya msalaba, kimya cha sekunde 20, mstari mmoja wa Injili ya Misa ijayo, nia mbili kutoka kwa watoto, Baba Yetu. Kimya kinaogopwa na walimu, ila watoto hukizoea ndani ya wiki mbili kama mwalimu mwenyewe ametulia. Kona ya sala iwe na msalaba, Biblia iliyofunguliwa na kitambaa cha rangi ya kipindi: zambarau, nyeupe, kijani au nyekundu. Kitambaa wabadilishe watoto.

Usitumie sala kama adhabu. Mtoto aliyepewa makumi matano ya rozari kwa kuchelewa, au kupewa kufagia kanisa kwa utundu, atayakumbuka yote mawili kama fimbo. Makosa yaadhibiwe kwa njia nyingine, na kufagia kanisa iwe heshima inayogombewa.

Wiki inayofuata Misa, darasa lililosimamia lifanye tendo moja lililozaliwa na Injili ileile: kumtembelea mwenzao anayeugua, kuwapelekea wahusika vile vipaji kwa mikono yao wenyewe, kupatanisha makundi mawili ya uwanjani. Kesho yake baada ya Misa, tengeni dakika 15 na darasa hilo. Waulize walisikia nini katika Injili, nani hakuonekana akishiriki, na kipi kilivurugika. Majibu yaandikwe kwenye daftari la Misa za shule, pamoja na idadi ya hostia zilizotumika na muda Misa ilipoisha, kisha daftari lipewe darasa la zamu ijayo.